Udongo Alioukataa Mzee Tanuri

Asubuhi ile, jua halijagusa mabati bado, Mzee Tanuri alikuwa ameshasukuma toroli kumi na moja za udongo kutoka bondeni. Kumi na moja, na mgongo wenyewe wa mtu wa miaka sitini na nane. Na bado alikuwa anapiga mluzi. Alikuwa na ile furaha ya mtu anayemtendea mtoto wake jema bila kuombwa. Udongo ulikuwa wa mfinyanzi hasa, mweusi, mzito, unaoteleza kama sabuni. Ukiuchoma kwa kidole leo, alama ya kidole unaikuta kesho. Akaumwaga pale uani karibu na mashine ya matofali, juu ya udongo wa kichangachanga ambao mkwewe alikuwa ameuchekecha siku mbili nzima. Akaufunika wote, usionekane hata punje.

"Sasa huu ndio udongo," akasema, akajifuta jasho kwa ncha ya shati. "Ule mwingine wa kuchezea watoto."

Mkewe alikuwa anafagia. Akasimama na ufagio mkononi. "Baba watoto, umemuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize nani? Nimeanza kuchoma matofali, huyo hata mama yake hajajua kutembea."

Mwenyewe aliyekuwa anasemwa ni mkwe wao, mke wa mtoto wao wa kiume. Huyo mtoto ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, na akija analala tu. Mkwe alikuwa ametoka alfajiri kufuata saruji. Na ile mashine, japo imesimama kwenye uwanja wa Mzee Tanuri, iliandikwa kwa jina la mkwe, kwa sababu waliokwenda kufundishwa siku nne walitakiwa wajue kusoma, na Mzee Tanuri maisha yake yote alichosoma ni moshi.

Moshi aliusoma kweli, lakini. Tanuri lake lilikuwa nyuma ya nyumba, refu kuliko nyumba yenyewe, na enzi zake likiwashwa linakaa siku tatu linapumua. Alikuwa anaweka kigoda, anakaa, anautazama moshi kama watu wengine wanavyotazama televisheni. Ukitoka mweupe, mzito, ni maji yanaaga kwenye tofali. Ukiwa mweusi, kuni zimebanana, vuta mbili. Ukiwa wa bluu, mwembamba, kaa macho. Halafu inafika saa hakuna moshi tena, hewa tu inatetemeka juu ya tanuri, na hapo ndipo alipokuwa anasimama anasema, "Funga mdomo." Hakuwahi kukosea. Shule nne za mji ule zilitoka kwenye mdomo wa tanuri hilo, na soko, na nusu ya nyumba za watu wanaojidai siku hizi hawamjui.

Sasa serikali ikasema matofali ya kuchoma basi. Waliweka karatasi kwenye tanuri, yenye mhuri. Mzee Tanuri alitaka kugomba, akashindwa, kwa sababu kila alipofungua mdomo macho yake yalikwenda mlimani, na mlima ulikuwa kipara. Alipoanza kazi, kuni zilikuwa zinabebwa kichwani kutoka pale pale, unakwenda na kurudi chai haijapoa. Baadaye zikawa zinakuja na mkokoteni. Mwisho zikawa zinakuja na lori, mwendo wa siku mbili. Mlima wote ule uliingia kwenye tanuri lake, mti baada ya mti, na yeye ndiye aliyekuwa anausukumia ndani.

Ndipo wakaletewa hiyo mashine ya kufyatulia matofali yasiyochomwa. Ya chuma, ina mkono mrefu wa kushusha kwa nguvu za mtu, haili kuni wala umeme. Ilikuja kwa majaribio. Wafyatue matofali mia moja, mkaguzi ayapime. Yakifaulu, nyumba hii ndiyo itakayofyatua matofali yote ya zahanati mpya, kazi ya mwaka mzima na zaidi. Yakianguka, mashine inahamishiwa kwa kikundi cha ng'ambo ya mto, na huku nyumbani wabaki wakitazamana.

Mkwe akarudi na mfuko wa saruji kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Akauona ule mlima mweusi, akasimama. Akaegemeza baiskeli ukutani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Sasa mkwe huyu na baba mkwe wake walikuwa wanaheshimiana sana, heshima ya kupita kiasi. Miaka sita ndani ya ua mmoja, hawajawahi kutazamana usoni. Neno likitoka kwa huyu kwenda kwa yule lazima lipitie kwa mama, hata kama wote watatu wameshika beleshi moja.

"Mama," mkwe akasema, macho chini, "mwambie baba ahsante kwa kazi. Lakini fundi alitufundisha, udongo huu una mfinyanzi mwingi. Mashine inataka wenye mchanga."

Mama akageuka, mume yuko hatua mbili tu. "Anasema ahsante sana kwa udongo."

"Nimesikia, na nimesikia na hilo lingine," Mzee Tanuri akasema. "Mwambie udongo huu umejenga shule nne."

"Anasema umejenga shule nne."

"Mama, najua. Lakini shule zilichomwa. Huu hatuuchomi."

Mama akakuna shingo. Alikuwa mwanamke wa amani, na watu wa amani wakati mwingine ndio wanaoharibu mambo. "Anasema," akamwambia mumewe, "yeye hana neno."

Basi wakafyatua. Mzee ndiye aliyechanganya, na alichanganya kama alivyochanganya miaka arobaini, maji hadi udongo uvute mguu, ulie pwaa ukiukanyaga. Mkwe alikuwa amefundishwa kwamba udongo wa mashine uwe mkavu-mkavu. Unaukamata ngumini, unauachia uanguke kutoka kiunoni, ukivunjika vipande vinne vitano uko sawa. Akauchota kwa kificho, akaukamata, akauachia. Ukaanguka tope moja, ukakaa chini umetulia kama chura. Akamtazama mama. Mama akatazama mawinguni.

Kila mkono wa mashine uliposhuka, maji yalichuruzika pembeni, na tofali lilipotoka sura yake ilibaki imegandia kwenye bati. Mzee Tanuri alilisawazisha kwa kiganja chake, akalipapasa. "Unaona?" akasema, bila kusema na yeyote. "Laini kama shavu la mtoto."

Wakayafunika kwa turubai, wakayanyunyizia maji siku kumi na nne kama ilivyoagizwa. Siku ya tano mkwe alifunua, akaona nyufa nyembamba kama unywele. Akafunika tena. Alimwambia mama. Mama akasema labda zitajifunga.

Mkaguzi alikuwa msichana mrefu mwenye buti, na kwa kuwa hakosi rula ya chuma mfuko wa nyuma, mji mzima ulimwita Dada Rula. Alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alichagua tofali moja mwenyewe, akalizamisha kwenye ndoo ya maji, akafunga mfuniko kwa utepe akaweka sahihi juu yake. Kesho yake mchana akarudi kuifungua, na kwa bahati mbaya wakawepo watu. Majirani wanapenda kuona. Na Mzee Shoka naye hakukosa. Huyu ndiye aliyekuwa akimletea Mzee Tanuri kuni tangu wote wawili wakiwa vijana. Siku hizi anauza mitungi ya gesi, anavaa kofia ya kampuni, na anawaambia watu kuni zinaharibu mazingira kama vile yeye hajawahi kuiona kuni.

Dada Rula akakata utepe. Akafunua. Maji yalikuwa meusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Akaingiza mkono hadi kiwiko, akapapasa, akapapasa tena, akatoa kipande kimoja kama muhogo uliotafunwa na panya. Kikamponyoka. Chubwi.

"Tanuri, ndugu yangu," Mzee Shoka akasema, "umefyatua matofali au umekoroga uji?"

Watu wakaangua kicheko. Hata waliompenda wakacheka, maana kicheko hakina adabu.

Dada Rula hakucheka. Alimgeukia mkwe. "Wewe ulikaa darasani siku nne. Ulikuwa unajifunza au ulikuwa unakula posho? Udongo gani huu? Hata aliyelala darasani angejua. Kuna watu hamsini wanaililia mashine hii."

Mkwe alikuwa amesimama na mikono nyuma. Akatazama chini, akasema, "Ni kosa langu, dada. Naomba radhi."

Mzee Tanuri alikuwa amekaa kwenye ukingo wa toroli. Alisikia yale maneno. Aliyasikia vizuri sana. Mbele yake kulikuwa na watu wote wale aliowajengea. Akajiambia atasema baadaye. Akajiambia huyu ni kijana, aibu ya kijana inaondoka. Akawatazama vijana wawili waliokuja na pikapu ya Dada Rula wanafungua boliti za mashine waihamishie ng'ambo ya mto, moja, ya pili, na mkwewe akawaletea spana iliyowadondokea, akawakabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zake zilezile. Hiyo mikono miwili ndiyo iliyomshinda.

"Acheni hiyo," akasema.

Hawakumsikia. Akainuka. "Nimesema acheni! Udongo ni wangu."

"Mzee, kaa tu," Dada Rula akasema. "Tutaongea na mwenye mashine."

"Mwenye mashine alinikataza. Alinikataza kwa mdomo wa mke wangu, na mke wangu akanifichia, na mimi nikajifanya nimefichwa. Udongo wake yeye uko pale chini, safi, nimeufunika mimi. Maji nimetia mimi. Yeye alichofanya ni kuninyamazia." Akapumua. "Kama ni kuchekwa, nichekwe mimi. Shoka, haya, cheka tena."

Mzee Shoka akavua kofia, akaanza kuitazama ndani kama kuna kitu amekipoteza humo.

Dada Rula akachukua beleshi, akachimba pembeni ya lile lundo, akaukuta ule udongo wa kichangachanga, akauchota, akausugua kwa vidole. Akamtazama mkwe kwa jicho jingine.

"Wiki tatu," akasema. "Matofali mia, upya. Lakini sharti moja. Huyu mzee asiguse udongo. Asichanganye, asikanyage, asitie maji. Nikisikia ameshika hata bonge, naichukua."

Mtu ambaye kucha zake zilikuwa hazijawahi kuwa nyeupe tangu azaliwe anaambiwa asiguse udongo. Mkewe akafumba macho. Mzee Tanuri akaitikia kwa kichwa, akarudi kukaa kwenye toroli, mikono kaiweka magotini kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Udongo wa mkwe, sehemu kubwa ilikuwa imeshaharibika kwa kuchanganyika. Kilichobaki hakikutosha hata matofali ishirini. Siku mbili akazunguka na ndoo na baiskeli, huku umezidi mawe, kule umezidi majani, kule mwenye shamba amemfukuza. Siku ya tatu jioni akarudi na ndoo tupu, akaketi kwenye ngazi ya jikoni.

"Mama," akasema, "muulize baba, kama anajua..."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini. "Aka," akasema. "Mimi leo nimestaafu. Maneno yenu niliyoyabeba yameniangushia mashine. Baba yako yule pale, ana masikio mawili. Muulize mwenyewe."

Kuku akapita. Mzee Tanuri akakohoa, mkwe akakohoa.

"Baba," mkwe akasema, kwa sauti ndogo.

"Naam, mama."

"Udongo mbovu. Ule uliokuwa unaukataa. Unajua uko wapi?"

Mzee Tanuri akataka kujibu kwa haraka, akasita, halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, hadi akashika mbavu. "Unaniuliza udongo mbovu? Mwanangu, udongo mzuri nilikuwa naujua mahali pamoja tu. Mbovu naujua mji mzima! Miaka arobaini kazi yangu ilikuwa kuukimbia."

Kesho yake wakatoka, yeye mbele na fimbo, mkwe nyuma na toroli. Na jinsi alivyopita njia zile! Hapa, alisema, hapa nilipachimba mwaka ule wa mvua kubwa, nikachoma matofali elfu tatu yakatoka yamepasuka yote, nililia, mama yako shahidi. Chota. Mkwe akachota, akalowesha kidogo, akakamata ngumini, akaachia kutoka kiunoni. Ukasambaratika wote. "Umezidi mchanga, baba." Wakaendelea. Hapa nyuma ya kisima, udongo wa hapa nilimtukania mtu aliyeniuzia, hatukusalimiana mwaka. Chota. Ukavunjika viwili. "Bado, baba. Huu una mfinyanzi." Mzee akawa anazungumza kuliko alivyowahi kuzungumza na mkwe huyu kwa miaka sita, kila shimo na msiba wake, kila kona na matofali yake yaliyokufa, na mkwe akawa anacheka waziwazi, meno nje.

Chini ya ule mlima wenye kipara, mahali ambapo mvua ilikuwa imeshusha udongo kwa kukosa mizizi ya kuushikilia, kulikuwa na fungu kubwa, jekundu, la chengachenga, wala si mchanga wala si tope. Mzee Tanuri akalionyesha kwa fimbo. Hakuwa na kisa cha hapa.

"Huu ulikuwa juu," akasema. "Wakati kuna miti."

Mkwe akachota, akakamata, akaachia. Vipande vinne. Akachota tena. Vitano. Wakatazamana usoni bila kukusudia, halafu kila mmoja akageukia kwake.

Wakasomba siku mbili. Mkwe alichimba, alichekecha, alichanganya, karai moja ya saruji kwa karai kumi na mbili za udongo, maji ya kunyunyizia kwa mkono tu. Mzee hakugusa. Alipewa mkono wa mashine, maana chuma si udongo, na alikuwa anaushusha kwa uzito wake wote, mama anayapokea matofali na kuyapanga. Mara moja tu alisahau, bonge likamwangukia kwenye kiatu akainama kulitoa.

"Baba!" mkwe akapiga kelele. "Weka chini!"

Akaliachia kama kaa la moto. "Samahani, fundi," akasema, na hakuna aliyecheka.

Wiki tatu zilipotimia Dada Rula akaja akazamisha tofali, akafunga utepe, akaondoka. Mzee Tanuri kesho yake hakula asubuhi. Mzee Shoka alikuja tena, safari hii bila kofia, akakaa mbali. Utepe ukakatwa. Maji yalikuwa safi, unaona hadi chini, na tofali limekaa mle ndani limetulia na pembe zake zote nne. Dada Rula akalitoa, akalipiga kwa rula yake. Likalia. Akaliinua hadi usawa wa kiuno akaliachia kwenye udongo mgumu. Likadunda, likalala.

"Haya," akasema, na ndiyo mara ya kwanza watu walimwona anatabasamu. Akatoa karatasi. "Nani fundi mkuu hapa? Asaini."

Wote wakamtazama Mzee Tanuri. Mkwe naye akamtazama, akamsukumia kalamu.

"Mimi nisaini nini, na kusoma sijui?" mzee akasema. "Fundi huyo hapo. Mimi ni mkono wa mashine."

Mkwe akasaini. Jina likatoka limepinda. Dada Rula akakunja karatasi, akakumbuka kitu, akakuna kichwa. "Mzee, kuna sharti la mwisho, nilikuwa sitaki kulisema mapema. Nyumba yenye kazi ya serikali haiwezi kuwa na tanuri. Litavunjwa. Nitaleta vijana Jumatatu."

"Usilete watu," Mzee Tanuri akasema. "Mimi najua lilivyojengwa."

Ilimchukua siku tano. Alipanda juu mwenyewe, akaanza na tofali la mwisho aliloliweka, akashuka nalo mkononi, akarudi. Mama alitaka kumsaidia, akamkataza. Mkwe alitaka kumsaidia, naye akamkubalia. Ndani kuta zilikuwa zimeungua hadi kung'aa kama kioo, kijani na nyeusi, na kila alipotoa tofali alilipapasa kidogo kabla ya kulipitisha. Siku ya tano ikabaki alama tu kwenye ardhi, duara jeusi, na anga lote la nyuma ya nyumba likawa wazi, mtu unaona hadi mlimani.

Asubuhi ya sita alikuwa amekaa kwenye kigoda chake palepale, hana la kutazama. Upande wa pili wa uzio kulikuwa na jirani yao, bibi mfua nguo, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa hawezi kuanika shuka za watu kabla ya kuuliza kwanza, maana tanuri likiwaka shuka zinakuwa za kijivu na mwenye nguo halipi. Macho yalikuwa yamemwisha, uzee, na huenda mambo yote haya alikuwa ameyasikia nusunusu. Akafika kwenye uzio na beseni lake kiunoni, shuka nyeupe zinachuruzika maji, akaita kama alivyoita siku zote.

"Tanuri! Leo unawasha?"

Mzee Tanuri akatazama juu, pale hewa ilipokuwa inatetemeka zamani.

"Anika, dada," akasema. "Anika tu."

"Na kesho?"

"Na kesho anika."